Uso Ambao Tulizo Aliukataa

Nalala mchana, kipanya cha kompyuta kikiwa bado mkononi, na naingia ndani ya picha ya dada yangu kama mtu anayevuka kizingiti kwenda chumba cha pili. Dada Semeni hatembei tangu pikipiki ilipomwangusha miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo hataki kupigwa picha. Anatembea kwenye ulimwengu wa kompyuta tu, kwa umbo alilojitengenezea humo, wenyewe wanaliita avata, umbo refu lenye kitenge cha bluu. Binti yake Tulizo, mwenye miaka sita, yuko Njombe kwa bibi yake, na Semeni aliniomba niipige picha ile avata ikiwa imesimama, niihariri kwa programu ya bure niliyojifunza mwenyewe, ifanane na mtu kweli, tumtumie mtoto. Nikalainisha ngozi, nikang'arisha macho, tukatuma. Tulizo akajibu kwa ujumbe wa sauti: huyu si mama, huyu mwanasesere. Semeni akaiacha chai ikapoa, kisha akaniambia, jaribu mara moja tu, Anyesi, akikataa tena tuache. Ndiyo hiyo mara moja ninayoihangaikia tangu asubuhi, nalainisha, nang'arisha, na kadiri ninavyong'arisha ndivyo uso unavyozidi kufa, mpaka kope zangu zinashuka zenyewe.

Sasa niko barabarani. Barabara ni nyeupe, inakwenda, inagawanyika, kila tawi linagawanyika tena, na tawi lolote nikilishika najikuta pale nilipoanzia. Pembeni kuna miji, na chini ya kila mji kuna mji mwingine umening'inia kichwa chini kama kwenye maji, ila maji hayapo. Watu wa humo wana ngozi laini kama beseni jipya, wananisalimu, naitikia, wala sioni midomo yao ikifunguka. Mbele yangu anatembea mtu asiye na uso, mahali pa uso pana rangi moja tu, kama ukuta uliopakwa jana. Shikamoo, namwambia, naomba unionyeshe mji anakokaa dada yangu Semeni. Kitendawili, ananijibu. Tega, nasema. Nakufuata na sina miguu, ukinifukuza unageuka karatasi. Nasema, upepo. Nipe mji, anasema. Nampa Makambako, na Makambako inajikunja kama shuka, ya juu na ya chini yake, inaingia mfukoni mwake. Tunatembea, anatega kilekile. Nasema, njaa. Nipe mji. Nampa Mafinga. Tunatembea tena, au barabara ndiyo inatembea, nasema jina, nasema umri, natoa miji hata nisiyoijua, mfuko wake haujai, mpaka anasimama na kuniambia, umebakiwa na mji mmoja, na huo ndio anakokaa dada yako.

Nainamisha kichwa nifikiri, na hapo naona miguu yangu imewekwa juu ya barabara bila kuigusa. Nawatazama watu wa beseni, na wao vilevile. Mwanga unatoka pande zote, hakuna giza chini ya pua ya mtu, hakuna giza chini ya kidevu. Hii ni kazi yangu, nilifuta giza lote usoni mwa Semeni ili apendeze. Kivuli, nasema. Yule mtu anaitoa Makambako mfukoni, anaikung'uta, anairudisha mahali pake, kisha Mafinga, kisha ile mingine. Jua linapata upande mmoja wa kukaa, na nyumba zinashika ardhi.

Kwenye mlango wa mji wa mwisho ananizuia kwa mkono. Kitendawili. Tega. Ukinifuta unapendeza, na uliyemzaa hakutambui. Jibu nalijua na sitaki kulisema. Tulipokuwa wadogo nilimsukuma Semeni mlangoni pa jiko, akapasuka kidevu. Mwenyewe alilichora kovu lile kwenye avata yake, na mimi ndilo nililolifuta la kwanza. Kovu, nasema, na sauti yangu ni ya mtoto wa miaka minne. Mlango unafunguka. Semeni anakuja kwa miguu yake, kitenge cha bluu, hana haraka. Mdogo wangu, ananiambia, nirudishie kovu langu, Tulizo hulishika akitaka kulala. Nilidhani linakuuma, namwambia. Lilikuwa linakuuma wewe, anasema, na ananisogezea kidevu. Nalichora kwa brashi nyembamba, nalififisha kidogo kidogo mpaka ngozi inalikubali, naweka kivuli upande wa kushoto, naacha vinyweleo na uchovu kidogo chini ya macho. Kila ninachokiacha kinanitua mzigo mabegani.

Nafumbua macho. Picha iko kwenye kioo cha kompyuta, imekwisha, kovu lipo, kivuli kipo, na programu imeorodhesha kila hatua niliyofanya, wala sikumbuki mkono wangu kuzifanya. Namwuliza Semeni nimelala muda gani. Hujalala, anasema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, ulikuwa unabofya tu, kimya, nikaogopa kukusemesha. Namtazama nisijue ni yupi kati ya Semeni wawili, wa ndotoni au wa kitini, anayeniambia hivyo. Picha nimeshaituma, naye ameshika simu kwa mikono miwili. Simu inalia. Anaiweka kwenye spika, na sote wawili tunasikia Tulizo akipumua karibu sana na simu, kisha anasema, mama mdogo, mama amesimama muda mrefu, mwambie akae.

Semeni anafunika uso kwa kitenge na mabega yanamtikisika, na ninapomkaribia naona anacheka. Mjibu wewe, ananiambia, mwambie nimekaa.