Sululu Hawajahesabiwa

Baba yangu hasemi uongo. Nianze hapo, maana bila ya hapo hamtaelewa kwa nini nilipandwa na ghadhabu Ijumaa ile, mpaka nikaacha mlango wa gari wazi pwani ya Hail, hapa Maskati, na viatu vyangu vizuri vikajaa mchanga.

Nilipokuwa na miaka kumi alinituma kuhesabu vitwitwi, wale ndege wadogo wanaokimbizana na mawimbi. Jua kali, mie mvivu, nikarudi nikamwambia mia. "Mia kamili?" akauliza. "Mia kamili." Akanirudisha kule kule juani, safari hii yeye nyuma yangu. Walikuwa thelathini na saba. Hakunipiga wala hakufoka. Alikaa akaifuta ile mia kwenye daftari, polepole, mpaka karatasi ikatoboka, na mie nikalia kuliko ningepigwa.

Daftari hilo lilianza mwaka 1983, tulipohamia Hail. Baba, Marhoon, alikuwa mpima ramani katika idara ya maji. Yeye na mama, Shaikha, wote wamezaliwa Pangani, na walipokuja Maskati wakiwa vijana hawakujua kitu hapa. Watu wageni, chakula kigeni, na Kiarabu chao kikichekwa sokoni. Basi siku ya kwanza mama kufika ufukweni, akamwona ndege wa rangi ya udongo, miguu mirefu, mdomo mrefu umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Alipiga kelele watu wakageuka. "Marhoon! Wa kwetu huyu! Sululu!"

Tangu hapo sululu wakawa wa mama. Kila mwaka joto likianza kuchoka, mwezi wa Agosti, wanashuka kutoka huko kwenye baridi wanakozaliana. Baada ya sala ya Alfajiri wazee wangu walitoka na darubini mpaka kwenye khor, ile ghuba ndogo inayoingiza maji ya bahari nyuma ya nyumba zetu. Baba alihesabu yangeyange, membe, heroe wakiwapo, hata mbweha akipita na mkia wake aliandikwa. Sululu alihesabu mama peke yake. Alikuwa na mfuko wa kokwa za tende, na kila ndege watano alihamisha kokwa moja kutoka mfuko mpaka kiganjani. Akimaliza aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake ule wa kulala. Halafu aliwapungia mkono, maana wengine hubaki hapa mpaka Aprili na wengine huendelea Afrika. "Mkifika Pangani mtusalimie!" Mimi nikiona haya, jamani. Nilikuwa msichana mkubwa, na mama yangu anatuma salamu kwa ndege mbele za watu.

Leo natamani nimsikie hata mara moja tu.

Mama alifariki mwezi wa Machi. Mwezi wa Juni baba akateleza bafuni. Violeth, mwanamke wa Bukoba anayemtunza, alikuwa ametoka kununua mkate, akarudi akamkuta sakafuni anajisomea dua kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakuvunjika kitu, alhamdulillahi. Lakini mie na kaka yangu Khalil, aliyeko Sohar, tukasema khalas, imetosha. Baba ahamie kwangu, Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa huku huku Maskati. Nikamtengenezea chumba cha chini, nikamnunulia kitanda cha kupanda na kushuka kwa rimoti, na bafuni nikaweka vyuma vya kushikia.

Baada ya siku tatu baba akanipigia simu.

"Shariffa, mwanangu, nnakupa ahadi. Sululu wakifika, wakahesabiwa, ntahama siku ya pili yake."

"Ahadi kweli, baba?"

"Nshasema."

Khalil alicheka nilipomwambia. "Agosti si mbali," akasema, "mwache amalizie hamu yake." Nami nikatandika shuka mpya juu ya kile kitanda, nikangoja.

Agosti ikaja. Kila jioni nikitoka wizarani nampigia. "Baba, wamefika?" "Bado." Ikapita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Bado, mwanangu." Khalil naye ananipigia mimi, kama vile sululu wako ofisini kwangu nimewafungia kabatini. Ikaingia Septemba. Bado! Nikaanza kuwaonea huruma ndege wenyewe, nikidhani yamewapata mambo huko njiani.

Mpaka Alhamisi usiku nikaona picha kwenye simu. Kijana mmoja wa Qurm kapiga picha sululu tisa wamejipanga kwenye tope, na chini kaandika kwamba wako pale tangu wiki ya kwanza ya Agosti. Kutoka Qurm mpaka Hail hata nusu saa ya gari haifiki. Sasa hawa wa Hail wanangoja viza?

Asubuhi sikumpigia mtu. Nilisali nikaingia garini.

Niliwakuta kwenye khor, jua linachomoza, unyevu wa bahari unaganda mwilini. Baba kwenye kiti chake cha plastiki, kofia yake kichwani, daftari pajani. Violeth nyuma yake kamshikia mwavuli. Na mbele yao, wallahi sikuhitaji darubini, sululu. Wengi! Wengine wanachokoa kaa kwenye tope, wengine wamesimama kwa mguu mmoja. Mmoja akaruka akatoa ile filimbi yao ya milio saba, na moyo ukanipasuka, maana ni sauti ya utotoni kwangu. Halafu hasira zikashika nafasi yake.

"Violeth! Wale ni nini?"

Alishtuka mwavuli ukayumba. "Wapi, mama?"

"Pale! Usiniulize wapi!"

"Mimi kwa ndege sijui sana, mama. Kwetu tunajua kuku."

"Tangu lini wako hapa?"

Alimtazama baba, baba akatazama maji. Masikini Violeth, Ijumaa ndiyo siku yake ya kwenda kanisani Ruwi, na baadaye nilikuja kujua hajakwenda Ijumaa tano, kwa kumshikia mzee mwavuli. "Mama, usinigombanishe na babu," akasema. "Yeye aliniambia kama ukiuliza niseme bado. Mimi nikasema basi, bado."

Nilichukua daftari pajani mwa baba. Sikumwomba, nililichukua, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Yangeyange kumi na wanne. Membe mia na ishirini. Keremkerem sita juu ya waya wa umeme. Kila siku, kila ndege, mkono wake ule wa kupimia ramani. Na chini ya kila ukurasa, tangu tarehe sita Agosti: Sululu, bado. Sululu, bado. Sululu, bado.

"Baba," nikasema, na sauti ilinitoka juu mpaka yangeyange mmoja akaruka. "Umeniongopea! Mwezi mzima! Mimi nnakupigia kila jioni, nnatandika shuka, nnamwambia Khalil subiri, subiri, kumbe wamejaa hapa mbele ya macho! Hata daftari umeliongopea?"

Nilidhani atanikemea, na ningefurahi akinikemea. Hakunikemea. Alivua kofia akaiweka juu ya goti, kichwa chake cheupe kikapigwa na jua.

"Nimekuongopea," akasema. "Na daftari nimeliongopea. Astaghfirullah. Sikupata kufanya hivyo."

"Kwa nini sasa?"

"Walifika tarehe sita. Nikanyoosha mkono kumpa mama yako ule mfuko wa kokwa." Akageuza uso kwenye tope. "Nnajua amekufa, Shariffa, sijapotewa na akili. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaona nikiwahesabu mimi, itakuwa yeye hayupo kweli. Na kesho yake nifunge nyumba, nende nikakae kwenye kitanda chako cha rimoti. Kwako nitamwonea wapi? Hapa kila asubuhi nnamwona. Pale alisimama, pale alikaa, pale alipoteza kiatu tukakitafuta mpaka adhuhuri."

Nilimrudishia daftari pajani.

Baba akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa mfuko wa mama. Kitambaa cha kanga yake ya kijani, nilikijua. Akanipa.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Mimi siwezi. Wahesabu wewe. Ukimaliza nitaandika, na kesho uje unichukue."

Kokwa zilikuwa laini, zimesuguliwa na vidole vyake miaka arubaini. Nilivua viatu, nikasogea mpaka ukingoni, nikaanza kutoka kushoto kama mama alivyokuwa akianza. Watano, kokwa. Watano, kokwa. Nilihesabu vizuri, nataka mjue hivyo. Walioficha vichwa niliwangoja mpaka wakavitoa. Walioruka nikawafuata kwa macho mpaka wakatua. Nilipofika mwisho kiganjani mna kokwa kumi na mbili, na kando wamebaki ndege wawili. Sitini na wawili. Nikarudia kutoka kulia. Sitini na wawili.

Nikageuka. Baba kashika kalamu, anangoja. Violeth kafunga macho, sijui alikuwa akisali au jua lilimwingia.

"Wangapi?" baba akauliza.

Nikazirudisha kokwa mfukoni, zote kumi na mbili, moja moja.

"Sijui, baba. Nimepotewa na hesabu."

Baba alinitazama. Nilijua anaikumbuka ile mia, maana nami nilikuwa nikiikumbuka.

"Mama yako hakupotewa hata siku moja."

"Mie si mama."

"Basi rudia."

"Jua limekuwa kali. Nitarudia kesho."

"Kesho watakuwa wamehamahama."

"Basi kesho kutwa! Mbona unanisukuma? Wapo mpaka Aprili hawa, wanakwenda wapi?"

Violeth akakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Baba aliinamisha kichwa juu ya daftari muda mrefu, mabega yakimtikisika, na mimi nikatazama upande mwingine nimwache alie kwa raha zake. Kisha nikasikia kalamu. Sululu, aliandika, hawajahesabiwa. Na safari hii neno hilo liliandikwa mbele yangu, na kosa ni langu.

Simu ikalia. Khalil.

"Haya, Shariffa, kuna habari gani? Sululu wamefika?"

Mmoja alipita chini chini juu ya maji, akatoa milio yake saba, na nikahofu kaka yangu atamsikia. Nikamwambia wamefika, lakini mimi hesabu imenishinda, na Ijumaa zote zitakuwa zamu yangu, Violeth ana safari zake za Ruwi.

"Sasa baba anahama lini?"

"Skiza, Khalil," nikasema. "Una gari kubwa. Wikiendi hii pitia kwangu uchukue vyuma vyote vya bafuni, na kile kitanda cha rimoti pia. Uvilete hapa Hail. Kitanda kiweke chumba changu cha zamani, nitalalia mimi nikija kwa zamu."

Nilipokata simu baba alikuwa keshavaa kofia yake. Alimwambia Violeth asogeze mwavuli kidogo, nami niingie kivulini.