Sauti ya Wimbo wa Saba

Vijana wa bodaboda pale Mapinga walikuwa wakila vitumbua vya Bi Mwanahija huku wakiichambua albamu ya pili ya kundi la Dunda Halisi.

“Ya kwanza ilikuwa na hasira,” alisema Twalib. “Hii wamenenepa.”

“Mistari imekomaa, biti ndiyo imelala,” alijibu Clever. “Ila wimbo wa saba, ule anaouanza yule mama, umeibeba albamu nzima.”

“Pale sina neno. Sauti ile inakukumbusha kwenu hata ukiwa umekaa kwenu.”

Bi Mwanahija akageuza kitumbua ambacho hakijaiva. Wimbo ule wa kubembelezea mtoto aliutunga yeye, akimlea kifungua mimba wake. Vijana wa kundi walipotafuta mama wa kuwaanzia, walibisha hodi kwake kwanza. Naye alikuwa edani, arobaini ya mumewe haijafika. Akawajibu nyuma ya mlango waende kwa shoga yake Hafidha, aliyemfundisha mwenyewe. Eda ni amri ya Mungu, haina ubishi. Lakini moyo nao una mlango wake wa uani.

Mara Hafidha huyo, kanga mpya, uso unameta.

“Shoga, Jumamosi wananipandisha jukwaani, na ubeti wa pili umenitoka. Ninong'oneze.”

“Ninong'one kwani nimeuiba?”

Akauweka mwiko chini, akaimba kwa sauti yake yote:

“Lala, mlango siufungi, baba yako yu njiani,
taa imeisha mafuta, nimeazima mwezi.”

Vijana wakaacha kutafuna. Bi Mwanahija akangoja, macho kwenye kikaango.

“Mama, unamuiga vizuri Bi Hafidha,” alisema Twalib. “Bado kidogo tu.”

Hafidha akatikisa kichwa. “Haniigi, mwanangu. Mimi ndiye ninayemuiga. Wimbo ni wake.”

Basi, pale ndipo neno lingekwisha. Lakini Clever akamgeukia mwenzake: “Umemsikia? Mwingine angenyamaza. Ndiyo maana sauti yake ina baraka.” Wakampisha Hafidha kwenye benchi, wakamwagizia chai.

Bi Mwanahija akasema astaghfirullahi kimoyomoyo, kisha akairudia, maana ya kwanza haikushika. Akamchagulia shoga yake vitumbua viwili vilivyoungua, akavipanga kwenye sahani, upande mzuri juu.