Mkwe wa Mchekeshaji

Serikali ya Mwingereza ilipokwisha kuwahamisha ndugu zetu wa Ngare Nanyuki, nyumba zao zikawaka moto nyuma yao, mlowezi mmoja wa karibu na Tengeru, Bwana Holt, alitambua jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelijua: kwamba Wameru wamenuna. Alisikitika sana. Akafikiri, akapata dawa. Hakumwomba mtu arudishe shamba hata moja, hilo lingekuwa jambo la haraka mno. Alituletea mchekeshaji.

Mchekeshaji alitoka Lancashire, jimbo alikozaliwa Bwana Holt mwenyewe. Bwana Holt alitueleza kwamba Mungu alipokuwa akigawa vipaji Uingereza, majimbo mengine aliyapa mabwana wakubwa na majenerali, Lancashire akaipa viwanda vya nguo na watu wa kuchekesha. Nguo zao bibi zetu walikuwa wamezivaa mpaka zikachanika. Sasa tungeonja bidhaa ya pili.

Jina lake Bwana Entwistle. Sisi tulimwita Entiso, kwa kuwa ulimi nao una mipaka yake.

Mkalimani alikuwa Manase, mchumba wangu. Posa yake ilikuwa imepokelewa, harusi ikingoja mavuno ya kahawa tu. Manase alijifunzia ukalimani kanisani, kwa wamisionari, nao walimfundisha kwamba mkalimani hana mwili wake. Mchungaji mgeni akisema "mimi ni mwenye dhambi", Manase husema kwa Kimeru "mimi ni mwenye dhambi". Akilia, naye hulia. Akipiga mimbari, naye hupiga palipobaki. Watu walimpenda kwa hilo. Na mimi pia, sikatai.

Siku yenyewe tulijaa kwenye ghala la kahawa. Mama yangu, Penina, alijibanza nyuma ya magunia, kanga imemfunika mpaka puani, kwa sababu kwetu mkwe hamkodolei mkwe macho. Wakikutana njiani, mmoja huingia migombani. Lakini alitaka kumsikia mkwewe mtarajiwa akishindana na Kizungu.

"Nitasikiliza tu," aliniambia. "Masikio hayana aibu, Tabea."

Entiso akapanda juu ya masanduku, amevaa suruali ya kumtosha yeye na jirani yake. Alianza na mvua.

"Kwetu Lancashire," Manase akatafsiri, naye akivuta suruali juu kama mwenzake, "mvua hainyeshi mara mbili kwa mwaka. Hunyesha mara moja, toka Januari mpaka Desemba!"

Entiso akangoja kicheko. Ghala zima likavuta pumzi kwa kijicho. Bibi mmoja akasema "Amina." Kisha Mzee Sadoki, mshenga wetu, akainuka na fimbo yake.

"Manase, baba, hebu muulize. Huko kwenye mvua hiyo hakuna kashamba ambako wenyewe hawakahitaji sana? Mwambie sisi kuhamishwa tumeshazoea."

Hapo tulicheka mpaka vumbi la kahawa likapanda. Bwana Holt naye akacheka, akidhani ni ile mvua.

Basi Entiso akapata moto. Akaingia kwenye jambo ambalo, nilikuja kuambiwa, watu wa Lancashire hulicheka toka wanapoota meno mpaka yanapong'oka.

"Mama mkwe wangu," Manase akanguruma kwa sauti yake ya Pasaka, mkono juu, "ni mnene hivi kwamba akikaa, kiti kinaomba likizo!"

Kimya. Niliuona uso wa Manase ukigeuka. Mdomo ulikuwa umetangulia, akili ikimkimbilia nyuma. Entiso alipoona tumenyamaza, alijua kwamba hatujashiba.

"Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea, mbwa alihama!"

Kimya.

"Mama mkwe wangu akiimba kanisani, mchungaji ndiye anayetubu!"

Mama yangu ni mnene. Anaimba kwaya. Na mbwa wetu alikuwa amepotea wiki ile ile.

Nyuma ya magunia kanga ikainuka, ikapita katikati ya watu bila haraka, ikatoka.

Asubuhi Manase alikuja na Mzee Sadoki, wakasimama uani. Mama hakutoka. Aliongea kutoka jikoni, na moshi ukamsaidia.

"Mzee Sadoki, shikamoo. Huyo uliyekuja naye mwambie harusi hakuna."

"Marahaba, mama. Lakini yale yalikuwa maneno ya mzungu."

"Mzungu alisema Kizungu, nami Kizungu sikijui. Nilichosikia kilikuwa Kimeru kitupu. Ilikuwa sauti ya nani?"

"Mama Tabea, yule alikuwa akimsema mkwe wake mwenyewe, huko kwao."

"Vizuri. Mwende mkamuulize jina la huyo mkwe wake. Nataka nimwombee, maskini."

Manase akapanda baiskeli mpaka kwa Bwana Holt. Alirudi uani kwetu jioni, kichwa chini. Mtu mwingine angetunga jina lolote la kike la Kiingereza, na mambo yangekwisha. Lakini Manase ni Mlutheri wa kweli, Mungu amsaidie.

"Anasema hajawahi kuoa," alimwambia Mzee Sadoki.

Jikoni moto ukachochewa. Halafu Mama akasema polepole, "Kumbe. Basi ndani ya ghala lile mkwe alikuwa mmoja tu."

Ilibaki isale. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake kwa mikono miwili, humfukuzi. Unalipokea, na ukilipokea umesamehe. Lakini baba zake wadogo Manase walimkataza. Anayepeleka isale amekiri kosa ni lake, walisema, na ukoo wao haujapata kuzaa mtukana wakwe. Kwa hiyo Manase angebaki na heshima ya ukoo, Mama angebaki na heshima yake, nami ningebaki nyumbani.

Nilikaa nikiwaza, na mtu anayepalilia ana nafasi ya kuwaza. Kisha nikamtumia Manase neno: mlete Entiso. Mwambie kuna mama mkwe wa kweli anayetaka kumwona.

Entiso alikuja siku ile ile, amejaa furaha, pamoja na Manase na Bwana Holt kwenye gari. Nilikuwa nikiwasubiri mpakani mwa shamba letu. Nikakata jani la isale, nikampa Entiso.

"Mwambie mgeni wa heshima huingia nalo hivi, kwa mikono miwili. Na asiseme neno."

"Asiseme neno?" Manase akashtuka. "Tabea, huyu ni mchekeshaji!"

"Mwambie hivyo hivyo."

Entiso akaingia uani akinyata, magoti yakigongana, amekunja uso kama mtoto aliyemwaga maziwa. Sijui kama alikuwa akichekesha. Majirani walikuwa wamesimama kwenye migomba yote. Akainama mbele ya Mama, akamnyoshea jani.

Mama akalitazama jani. Akamtazama Entiso. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, nami nikatazama kuku.

Alipokea.

"Haya!" Mzee Sadoki akagonga fimbo chini. "Mkosaji amejulikana na amesamehewa. Wote mmeona."

"Nimeona na mimi," Mama akasema. "Nimeona mpaka aliyelikata." Kisha, kwa mara ya kwanza, akageukia upande wa Manase bila kumtazama. "Mwambieni mgeni nimemsamehe. Na mwambieni aoe. Mtu mzima anatukana mkwe wa kuazima!"

Manase akatafsiri. Entiso akacheka mpaka akakaa chini, akijifuta machozi kwa kofia. Akasema maneno mengi kwa Kizungu, akimwonyesha Mama, akimwonyesha Bwana Holt, akipima hewani kwa mikono kitu kipana.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

Manase akafungua mdomo. Akainua mkono wake wa Pasaka. Akanitazama. Akashusha mkono, akafunga mdomo.

"Anashukuru," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akalichomeka jani la isale juu ya mlango.

"Mzee Sadoki," akasema, "huyu mkalimani sasa anaweza kuoa."