Maiki Bubu

Siku mkemia alipovikuta vidonge vya mama yake kwenye kopo la maua, vimezunguka shina kama mbegu za maboga, hakujua acheke au alie.

"Mama, presha ya haya maua inaendeleaje?"

"Nzuri kabisa," mama akajibu bila haya. "Ila yanakohoa."

Mama alikuwa mshereheshaji wa harusi, mwenye sauti ya kuamsha wakwe waliosinzia. Tangu aanze dawa ya presha, kikohozi kikavu kilimkaba pale pale utani ulipotaka kuiva. Safari moja alikohoa mbele ya bwana harusi mpaka watu wakapiga makofi wakidhani ni kichekesho. Akaona heri presha kuliko aibu, wala hakumwambia daktari neno. Asubuhi hiyo kipimo kilikuwa kimepanda hadi mkemia akaogopa kumwacha peke yake.

Akavuta kiti. "Mama, mwilini kuna vimeng'enya viwili, kama mafundi wawili wenye mikasi. Wa kwanza anakata, anampa wa pili, naye anakata tena. Kinachotoka hapo kinabana mishipa, presha inapanda. Dawa yako inamzuia wa pili. Lakini huyo ndiye pia anayefagia taka zinazowasha kifua. Akizuiwa, taka zinajaa, unakohoa. Sisi kule maabara tunatafuta dawa ya kumzuia wa kwanza tu."

"Mnamzuiaje?"

"Tunampa kitambaa kinachofanana na chake, ila hakikatiki. Akikikamata, mkasi umenasa."

Mama akajipiga paja. "Kumbe unafanya kazi yangu! Kila harusi ina mjomba aliyekunywa, anataka kuhutubia. Ukimnyima, ugomvi. Mimi namkabidhi maiki bubu: nzito, ina taa, sauti haina. Anahutubia mpaka roho inatulia, na ile nzima ninayo mimi."

"Basi mjomba wetu hadanganyiki. Kila tunayompa anaishika kidogo, anaitupa. Kesho tunapima ya mwisho. Akiitupa na hiyo, mkuu anafunga mradi."

"Tuwekeane ahadi," mama akasema. "Akiishika, nakwenda kwa daktari, namwambia yote, na atakachonipa nameza. Akiitupa, maua yanaendelea na matibabu."

Kesho yake mkemia aliiweka sahani ya vishimo kwenye mashine. Kimeng'enya kikifanya kazi, kishimo hung'aa. Upande usio na dawa uling'aa kama kawaida. Upande wa pili ulikuwa giza. Akasubiri. Giza. Akaenda kunywa chai ambayo hakuinywa, akarudi. Giza totoro.

"Taa imeungua?" akauliza mwenzake.

"Haijaungua! Kameza ndoano!"

Akampigia mama. "Mjomba ameishika!"

"Haachii?"

"Ameng'ang'ania kama kupe!"

"Haya, ngoja nivae viatu. Ahadi ni deni."

Daktari alicheka habari ya maua mpaka akavua miwani, akambadilishia dawa, akampa ya aina nyingine isiyoleta kikohozi. Presha ikashuka, koo likafunguka.

Maabara walipofanya sherehe, mshereheshaji alikuwa nani tena? Mkuu wa maabara akasimama kushukuru, akaanzia enzi za hadubini ya kwanza. Chakula kikapoa. Mama akamsogelea kwa adabu zote, "Mkuu, hii ina sauti nzuri zaidi," akabadilisha maiki. Mkuu akaendelea, mkono kifuani, uso unang'aa kwa furaha, na neno lake halikumfikia mtu. Watu wakala. Mkemia alicheka mpaka akashika ukuta.

Dawa yao bado inajaribiwa. Mambo hayo huchukua miaka, na mama hakuisubiri. Aliondoka duniani baada ya harusi nyingi, zote bila kikohozi. Maiki yake bubu iko juu ya meza ya mkemia, katikati ya vichupa, ile ile, nzito. Kila mgeni akiinyanyua hujikuta anaanza kuhutubia.

Mkemia humwacha amalize.