Farasi Mbele ya Baba Mkwe

Siku ile nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: nisianguke. Hoteli mpya pale Matema ilitaka mtu wa kuwatembeza wageni ufukweni kwa farasi. Benedict, mwalimu wa farasi aliyeletwa kutoka Iringa, alikuwa ameniambia wazi: nikienda hadi soko la Lyulilo na kurudi nikiwa bado juu ya tandiko, kazi ni yangu. Nikianguka, basi.

Miguu ndiyo ilikuwa adui yangu. "Jeni, usimbane!" Benedict alipiga kelele kila siku, mpaka nikatamani kumchapa kwa fimbo yake mwenyewe. "Ukimbana mbavu umemwambia kimbia. Shusha visigino, legeza mapaja, kaa wima, tazama unakokwenda." Rahisi kusema! Mnyama akitikisika miguu inakaza yenyewe, halafu nalaumiwa mimi kana kwamba nimeituma.

Lakini siku ile tulianza vizuri. Benedict alinifuata nyuma kwa miguu, kimya kwa mara ya kwanza. Wanawake waliokuwa wakishusha vyungu kwenye mitumbwi waliacha kazi wakanitazama, nami nikavimba kichwa kidogo. Kisha, kwenye kona ya njia ya sokoni, akatokea baba mkwe wangu.

Moyo ulinilipuka. Mzee Ambilikile anashika mila za Kinyakyusa kama alivyozikuta: mke wa mwanawe hasimami mbele yake, hamtazami, hasemi naye. Nikisikia hatua zake uani, natokea mlango wa nyuma. Tangu niolewe sijawahi kuuona uso wake vizuri. Na sasa niko juu ya farasi, nimevaa suruali, miguu huku na huku, namwendea yeye!

Nikafanya nilichozoea. Nikainama, nikageuza uso, nikajikunyata nijifiche. Mtu anajificha wapi juu ya farasi? Mapaja yakabana, visigino vikachimba mbavu, na farasi akatoka shoti kuelekea kwa mzee. Mguu mmoja ukachomoka kwenye kikuku cha kukanyagia, nikaanza kuning'inia upande mmoja, mchanga ukipita chini ya pua yangu. Nilijua nakufa, tena kwa aibu.

"Jeni! Niangalie!"

Hakuwa Benedict. Sauti ile nilikuwa nimeisikia kupitia ukuta tu, na haikuwahi kutaja jina langu.

"Acha kuinama! Inua kichwa, mwanangu, niangalie mimi!"

Nikainua kichwa. Mwili ukafuata, ukarudi katikati ya tandiko. Miguu ikalegea kwa mshtuko, farasi akapunguza mwendo, na mzee, aliyesimama katikati ya njia bila kusogea, akaidaka hatamu. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa na machozi ya woga. Kutazamwa naye kulinitisha kuliko kuning'inia kule.

Benedict akafika akihema. Mzee akamkabidhi hatamu na kunigeuzia mgongo upesi.

"Mwambie mke wa mwanangu aendelee, bado hajafika," alimwambia Benedict, kana kwamba mimi sipo. "Mimi natangulia. Na mwambie asinifiche tena uso wake."

Akaanza kutembea. Nikarudisha mguu kwenye kikuku, nikamfuata nikiutazama mgongo wake hadi sokoni, mdomo wazi.