Tisa kwa Kila Mia

Kauthar alikuwa amebakiwa na siku tatu. Kazi yake ya shahada ya uzamili ilihusu vichakataji vya mitambo inayopitisha mawasiliano ya mtandao. Kichakataji cha namna hiyo hakisubiri kujua programu itafuata upande upi kila inapofika njia panda. Hukisia, huendelea, na kikikosea hutupa yote kiliyoyafanya na kuanza upya. Ubunifu wa Kauthar ulikosea mara tisa katika kila makisio mia. Msimamizi wake, Daktari Eustaki, alikwisha kumwambia kwamba makosa yasiposhuka hadi matano ifikapo Ijumaa, nafasi yake katika maabara angepewa mwingine.

Wakati huo wa likizo alikaa mtaa wa Majengo, katika duka la vifaa vya ujenzi la baba yake mdogo, Lukmani. Aliweka kompyuta juu ya kaunta na kuhudumia wateja bila kuinua macho. Asubuhi ya Jumatano waliingia vijana watatu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alimsalimu kwa “mambo”, naye akajibu “poa”. Aliposikia hatua za mtu wa nne, alitangulia yeye.

“Mambo?”

“Mimi ni mshikaji wako?”

Alikuwa Mzee Teodori wa Kasense, mwalimu mstaafu, aliyefuata bawaba za mlango.

“Mjibu poa, Mwalimu,” alisema Lukmani. “Bado kijana wewe!”

“Nyamaza, Lukmani. Nilikufundisha hesabu miaka minne, hukuambulia kitu.”

Kauthar alisimama. “Shikamoo, babu. Nisamehe. Waliotangulia walikuwa vijana.”

“Marahaba. Na mimi nahusikaje na waliotangulia?”

Mzee alichukua bawaba zake, akaenda. Kauthar alibaki amesimama. Kichakataji chake kilikuwa kikifanya kosa hilohilo: kiliikisia kila pakiti, yaani kifurushi cha data kinachopita, kwa kufuata zile zilizoitangulia, ilhali zilitoka katika mazungumzo mengine kabisa ya mtandaoni. Kila mazungumzo aliyapa kumbukumbu yake. Jioni makosa yalishuka hadi manne, lakini kumbukumbu zilizohitajika zilizidi mara kumi nafasi iliyomo ndani ya chipu.

“Haiwezekani kumkumbuka kila mmoja,” alimwambia Lukmani.

“Nani anamkumbuka kila mmoja? Mimi nawajua mafundi, nawajua wakulima wa Mtowisa. Fundi ataanza na bei, mkulima ataanza na habari za mvua. Inatosha.”

Alhamisi kutwa Kauthar aliipanga kazi upya, akiweka kumbukumbu moja kwa kila aina ya pakiti. Sasa zote zilitoshea ndani ya chipu, naye usiku akamtumia Daktari Eustaki ubunifu huo.

Ijumaa asubuhi Daktari Eustaki alipiga simu. Hakutaka kusikia matokeo ya Kauthar. Aliujaribu ubunifu mwenyewe kwa pakiti ambazo Kauthar hakuwahi kuziona, naye Kauthar akasubiri simu ikiwa sikioni.

“Nne nukta tisa,” alisema Daktari hatimaye.

“Kwa hiyo nafasi yangu ipo, Daktari?”

“Ipo. Lakini aina ya pakiti isiyowahi kupita, unaikisiaje?”

“Kwa njia ya zamani. Hapo bado inakosea sana.”

“Liandike hilo katika ukurasa wa kwanza. Usilifiche nyuma.”

Kauthar alifungua ukurasa mtupu, akaanza na kosa hilo.