Jina Likiitwa Shambani

Miaka yote ambayo kikundi chetu kililima mashamba ya watu kwa ngoma, fungu la mume wangu lilikuwa shingo ya mbuzi. Sisi wenye majembe tulikula mapaja na mbavu, tukanywa pombe kwa vibuyu vikubwa, na Lugembe akapewa shingo kwa sababu, kama walivyosema wazee wa kikundi, yeye hakulima. Alipiga ngoma tu. Mimi mkewe nililima mstarini pamoja nao, kwa hiyo nilikuwa nakula nyama nono mbele yake huku yeye akichokonoa mfupa. Iliniudhi, nikasema, wakanicheka.

Hawakujua, au walijifanya hawajui, kwamba kazi yake haikuanza siku ya kulima. Kiangazi kizima, wenzake walipokuwa wakiezeka nyumba na kurina asali, Lugembe alikaa nyuma ya nyumba yetu hapa Ntalikwa akitunga. Aliweza kuimba mstari mmoja kutwa, akiugeuza na kuugeuza, mpaka nikatamani kumrushia mwiko. Mvua zilipokaribia alikuwa na nyimbo mpya, na katika kila wimbo alikuwa ameacha nafasi ya jina la mtu.

Jina hilo ndilo lililokuwa moyo wa kazi. Sisi tunalima kwa mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja na ngoma, na mpigaji akikutaja kwa jina huna ruhusa ya kupunguza mwendo mpaka atakapomtaja mwingine. Ukisimama huku jina lako bado linaitwa, umejiaibisha wewe na ukoo wako, na wasichana watakusimanga kisimani mwaka mzima. Wanaume walilitamani sana jina lao liitwe. Lugembe alikuwa akimtaja mtu kwa pumzi chache, kisha anahamia kwa mwenzake, na mgonjwa hakumtaja kabisa. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alitutazama mikono tu akajua.

Basi, Wazungu walipokwisha kuyatupa mashamba yao ya karanga kule Urambo na watu wakaanza kulima tumbaku, akatujia bwana mmoja aitwaye Wenceslaus. Alikuwa Mkatoliki kama sisi, aliwahi kuwa karani, na sasa alikuwa na shamba kubwa lililohitaji matuta. Alipatana na wazee upesi juu ya kikundi. Kisha akaja nyumbani kwetu peke yake, akikokota baiskeli mpya yenye taa na kengele.

"Shikamoo," alisema Lugembe, akimsogezea kigoda.

"Marahaba. Nimekuja kwako wewe, si kwa kikundi. Hebu niambie, katika kazi hii unapata nini?"

"Shingo," nilijibu mimi kabla mume wangu hajafungua mdomo.

Bwana Wenceslaus hakucheka. Alimtazama Lugembe kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote wa kikundi chetu.

"Ule wimbo wako wa mwaka jana, niliousikia pale mtaa wa Ng'ambo watu wakiuimba sokoni, uliutunga kwa muda gani?"

"Kiangazi chote."

"Na kiangazi hicho alikulipa nani?"

Lugembe akaitazama ile baiskeli.

"Unaona? Fundi cherehani analipwa. Mwashi analipwa. Hata anayechonga mipini analipwa. Wewe muda wako wanaula bure, kisha wanakutupia shingo. Mimi nitakulipa mbali na wenzako. Matuta yangu yakiisha kabla mvua ya kwanza haijanyesha, baiskeli hii ni yako."

Kila neno alilosema lilikuwa la kweli. Hata leo, nikilala nikiyapitia maneno yake, sioni uongo mahali popote, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nilimletea maziwa ya mgando akanywa akashukuru. Alipoondoka aligonga kengele mara moja, na Lugembe akabaki ameitazama njia mpaka vumbi likatulia.

Kaka yangu Tobias naye akataka kwenda. Alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga akiwa na kikohozi kibaya, na tangu arudi hakuna aliyemhesabu kuwa mtu wa kazi. Alisema atalima, hata kama atakuwa wa mwisho. Mama yetu, Eustadia, hakumzuia. Lakini asubuhi ya safari alimwita mkwewe mlangoni na kuzungumza naye akiwa ndani, mlango umeegeshwa, kama ilivyo heshima ya mkwe.

"Baba, kifua cha huyo si kizima. Umwangalie."

"Nitamwangalia, mama," alisema Lugembe.

Tukapanda treni. Shamba la Urambo halikuwa kama mashamba yetu. Matrekta yalikuwa yameng'oa kila mti, na udongo ulikuwa umeshindiliwa mpaka jembe linaruka. Hakukuwa na kivuli wala sauti ya ndege. Bwana Wenceslaus aliisimamisha baiskeli kwenye kichwa cha shamba, mahali ambapo mpiga ngoma angeiona muda wote, akaenda kukaa kando bila kusema neno.

Wimbo wa mwaka ule ulikuwa mzuri kuliko zote alizowahi kutunga. Nasema hivyo nikiwa na uchungu, lakini ni kweli. Ulianza chini, ukapanda taratibu, na ulipofika kwenye jina ulikuingia mgongoni kabla ya masikioni.

*Mama yako anauliza, umelala au u mzima?*
*Inuka, Raymundi, inuka, jembe linakuita.*

Raymundi, mwenye nguvu kuliko wote, alipiga kelele ya furaha na kukata udongo kama anachimba kaburi la adui yake. Siku za mwanzo tulicheka, tukataniana, matuta yakaenda. Ila niliona kitu. Zamani, mstari ulipochoka, ngoma ilichoka nasi. Pale Urambo ngoma haikuchoka. Tulipozembea iliharakisha, na Lugembe hakuwa akitutazama mikono tena. Alikuwa akitazama mawingu, kisha baiskeli, kisha mawingu.

"Baba Leonia, unatukimbiza," nilimwambia mume wangu tulipokuwa tunakula.

"Ninawafanyia kazi nzuri. Kwani si wewe uliyekuwa ukiwalaumu kwa ile shingo?"

Tobias alikuwa amelala chali karibu yetu, hajagusa uji wake, akatuinulia mkono na kusema, "Shemeji, usimsikilize. Ngoma ni tamu." Kisha akakohoa mpaka nikageuza uso.

Siku ya mwisho mawingu yaliamka meusi. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo upande wa reli. Kila mtu alilijua hilo, na upepo ulikuwa tayari unanuka maji. Tobias alikuwa nyuma ya mstari, na kwa kuwa mstari wetu hauachi mtu, sote tulikuwa tunamngoja. Mimi nililima karibu kabisa na ngoma. Nikamwona Bwana Wenceslaus akija, mikono nyuma, akainama kwenye sikio la mume wangu.

"Mtu mmoja anauvuta mstari wako nyuma. Mtaje."

"Yule ni mgonjwa."

"Basi mtaje apone," alisema kwa upole, akarudi kukaa.

Lugembe aliangalia juu. Akaiangalia baiskeli. Kisha akaimba.

*Inuka, Tobias, inuka, jembe linakuita.*

Kaka yangu aliinua uso na kucheka. Sitausahau uso ule. Jina lake lilikuwa halijaitwa tangu arudi kutoka mkonge, na sasa lilikuwa likiitwa mbele ya watu wote. Alitema mate viganjani, akashika jembe, akaja. Akatufikia, akatupita, na mstari mzima ukamfuata kwa vifijo. Nami nilipiga kigelegele, kisha nikaanza kungoja ataje mwingine. Hakumtaja. Wimbo ulifika mwisho ukaanza upya, na jina lilikuwa lilelile. Ukaanza tena. Mgongo wa Tobias ulikuwa unapanda na kushuka, na kati ya pigo na pigo nilisikia kifua chake.

"Badilisha jina!" nilipiga kelele.

Ngoma ikazidi.

"Baba Leonia! Taja mwingine! Nitaje mimi!"

Hakunitazama hata kidogo. Tobias alilifikia tuta la mwisho, akalikata lote peke yake, akaketi kwenye ncha yake na kulaza paji la uso juu ya mpini. Watu walishangilia wakidhani anapumzika. Nilipomfikia damu ilikuwa inamtoka mdomoni, na tone la kwanza la mvua lilianguka shingoni mwake bila yeye kushtuka.

Bwana Wenceslaus alitimiza ahadi yake palepale, kwenye mvua. Sisi tulimrudisha kaka yangu kwa treni ya mizigo. Lugembe alirudi kwa baiskeli, na alipofika tulikuwa tumekwisha kuzika. Mama alimwita mlangoni. Mlango ulikuwa umeegeshwa kama siku ile.

"Ulimwangalia?"

"Nilimwangalia, mama," alisema Lugembe, na hakudanganya.

Tangu hapo mume wangu hajala shingo. Wimbo ule umefika Nzega, umefika Sikonge, na watoto wanauimba wakiruka kamba bila kujua Tobias alikuwa mtu. Wenye mashamba wanatuma watu kumtafuta, wanamlipa mbali na kikundi, wanamlipa hata kwa siku za kutunga. Nyumba yetu ina bati. Leonia, binti yetu, anasoma. Mimi nakula chakula hicho, kwa sababu hakuna kingine, na kila kikishuka kooni nakijua kimetoka wapi. Naye siku hizi, kabla ya kuanza kutunga, huuliza kwanza: mwaka huu nani atakuwa mzito mstarini? Wanamwambia, naye anaandaa nafasi ya jina lake mapema.

Mwaka huu nina mimba, na imeanza kunielemea. Jana alasiri nilikuwa jikoni nimeinjika maji ya ugali, nikamsikia nyuma ya nyumba akijaribu wimbo mpya. Ulikuwa mtamu. Mguu wangu ulianza kuufuata wenyewe. Kisha ukafika kwenye jina, na jina lilikuwa Katarina.

Tangu tuoane hajawahi kuniita kwa jina langu hilo. Mimi kwake ni mama Leonia. Nikatoka nje na mwiko mkononi.

"Hilo jina ni la nani?"

"Jina tu, mama Leonia. Linakaa vizuri kwenye mapigo."

"Siku ile ya Urambo nilikulilia unitaje. Hukunitaja."

Alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, kama fundi aliyeulizwa juu ya kazi yake.

"Siku ile hukuwa wa mwisho," alisema.

Nilirudi jikoni. Nikachukua jembe langu pale ukutani, nikaligonga juu ya figa mpaka chuma kikachomoka, nikausukuma mpini motoni. Ulikuwa mkavu, ukashika upesi, na maji yakachemka. Lugembe aliingia, akauona, akaniuliza nitalimia nini. Nikasonga ugali, nikampakulia, akala akamaliza. Kisha akanawa mikono, akarudi nyuma ya nyumba, na ngoma ikaanza tena kwa jina lilelile.